Mpaka Uliochorwa na Lavenda

BARAKA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo tuko kusini mwa Ufaransa, Châteauneuf-du-Pape, kijiji cha mvinyo jirani na mji wa Avignon. Dada Rehema, kabla hatujawasha maikrofoni ulianza kuniambia habari za mvinyo na majani ya porini nikakukatiza. Endelea.

REHEMA: Ehe. Mwaka 1923 wakulima wa pale walimwendea Pierre Le Roy. Alisomea sheria, akawa rubani kwenye Vita Kuu ya Kwanza, kisha akaoa katika familia yenye shamba la mizabibu papo hapo. Kilio chao: wafanyabiashara wanachanganya mvinyo wa popote, wanaubandika jina la kijiji chetu.

BARAKA: Akawafungulia kesi?

REHEMA: Kesi zilikuja baadaye. Kwanza aliwataka wao wenyewe wawe waaminifu. Wakajiwekea masharti, na moja linanigusa mpaka leo: mizabibu ipandwe kwenye ardhi inayoota lavenda na thaimu, vichaka vyenye harufu nzuri, vyote viwili.

BARAKA: Ngoja kwanza. Mpaka unapimwa kwa magugu?

REHEMA: Kwa mimea ya porini, ndiyo. Lavenda na thaimu hupenda ardhi kavu, ya mawe, maji hayatuami. Ukiziona pamoja umeshajua udongo ulivyo, hata jembe hujashika. Kwangu mimi hiyo ni akili ya mkulima hasa.

BARAKA: Bibi yangu angekiita kiwanja hicho jangwa, hata muhogo asingepanda.

REHEMA: Na ndicho chenye thamani! Mzabibu ukishiba sana unatoa majani mengi na zabibu zenye maji maji. Ukibanwa kidogo, zabibu zinakuwa chache, ndogo, ladha imekolea. Halafu kuna yale mawe ya mviringo yaliyoletwa na mto Rhône zamani za kale, yametandazwa juu ya mashamba mengi. Mchana yanalamba jua, usiku yanatoa joto. Ila si kila shamba lina mawe. Mengine ni mchanga mtupu, mengine chokaa.

BARAKA: Na masharti mengine?

REHEMA: Aina za zabibu, namna ya kupogoa, kileo kisipungue asilimia 12.5, zabibu mbovu zichambuliwe na kutupwa. Mvinyo wa rangi ya waridi, marufuku. Siku hizi hekta moja hairuhusiwi kuzidi takriban lita 3,500.

BARAKA: Yaani mtu anajipunguzia mavuno mwenyewe.

REHEMA: Na masharti yale ya mwanzo walijiwekea kwa hiari yao, kabla serikali haijawalazimisha! Mahakama ilikuja kuithibitisha mipaka mwaka 1933. Miaka miwili baadaye ikaundwa taasisi ya kitaifa ya kulinda majina ya mahali mvinyo unakotoka, Le Roy akiwa mmoja wa waasisi, na mwaka 1936 Châteauneuf-du-Pape ikawa kati ya majina ya kwanza kulindwa.

BARAKA: Sasa niambie, jirani ambaye shamba lake liko hatua chache nje ya mstari?

REHEMA: Hapo pana uchungu, kaka. Anaweza kuwa na zabibu zile zile na bidii ile ile, lakini chupa yake itaandikwa Côtes du Rhône, jina la eneo pana la bonde la Rhône, na bei inashuka. Hata hivyo nasimama na mstari. Ukiusogeza kwa huruma leo, kesho atakuja mwingine wa mbali kidogo, naye ana watoto wa kusomesha. Mwisho tunarudi kwa wale wafanyabiashara wa 1923.

BARAKA: Ningekuwa huyo jirani, ningelia.

REHEMA: Hata mimi.