Wekundu Unaanzia Wapi?

Wazee shikamooni, vijana mambo. Ipitisheni hiyo mifuko miwili taratibu, msiitikise. Samaki wadogo wa mapambo waliomo wameshakula foleni ya Ubungo ya kutosha.

Sisi wa Dar kazi hii ya kuwatofautisha tunaiweza. Daladala ikiwa bado mbali, kibao hakisomeki, unatazama mstari wa ubavuni na unajua ni ya kwenu au siyo. Basi na hawa hivyohivyo. Wote wana mstari wa buluu unaong'aa kutokea jichoni. Huo usikushughulishe, shuka chini yake. Mfuko wa kwanza, wekundu unaanzia katikati ya mwili kwenda mkiani, na mbele yake tumbo ni jeupe kama fedha. Huyo neoni. Mfuko wa pili, wekundu umeanzia karibu na kichwa ukanyoosha mpaka shina la mkia. Huyo kadinali. Yupo na wa tatu, neoni wa kijani: wekundu wake hafifu, ila buluu yake inafika mpaka mkiani, wakati ya wenzake inakomea kwenye kale kapezi kadogo ka mgongoni.

Nawasumbua hivi kwa sababu ya maji. Kwao kadinali ni mto Rio Negro kule Brazili, na sehemu za juu za mto Orinoco: maji ya rangi ya chai ya mkandaa, yenye tindikali, karibu hayana madini. Kwa miaka mingi wengi waliouzwa walivuliwa mtoni hukohuko. Neoni asili yake Amazon ya juu, lakini wa madukani wengi wamezalishwa Asia, kwa hiyo hawadeki sana. Mimi niliuziwa kadinali 12 kwa jina la neoni, duka silitaji, nikawatia maji ya kisima cha nyumbani, yaleyale yenye madini mengi, yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika. Wiki haikuisha, nikabaki na mmoja.

Tena msinunue usiku. Buluu ile haijapakwa. Ni vifuwele ndani ya ngozi vinavyorudisha mwanga, na gizani samaki hufifia mpaka udhani anaumwa.

Naam, dada wa pale nyuma? Mmoja wa mfuko wa pili hafanani na wenzake? Nilikuwa nasubiri mtu aseme. Mnyanyue kwenye mwanga wa dirisha, utuambie buluu yake inaishia wapi.