Kasisi Aliyepima Presha ya Farasi

Mabibi na mabwana, ukitaja makasisi wa Uingereza wa karne ya 18, wengi huwaza mahubiri marefu na chai ya alasiri. Leo nimewaletea mmoja tu, Stephen Hales, aliyehudumu Teddington, kando ya mto Thames, kuanzia 1709 hadi kifo chake mwaka 1761.

Ukiwahi kupimwa presha, jua yeye ndiye aliyeanza. Alimfunga farasi jike chali, mnyama wa miaka 14 mwenye kidonda sugu. Akapasua mshipa wa paja, akapenyeza mrija wa shaba, juu yake akaunga bomba la kioo la karibu futi 9. Alipouachia mshipa, damu ikapanda mpaka futi 8 na inchi 3, ikawa inacheza juu na chini kwa kila pigo la moyo; kimo hicho ndicho kilichokuwa kipimo cha presha. Matokeo aliyachapisha 1733. Farasi alikuwa hai, na ganzi haikuwapo, msisahau hilo. Jirani yake, mshairi Alexander Pope, alimheshimu kama mtu mwema, ila alisikitishwa na mikono yake iliyolowa damu ya wanyama.

Alizipata wapi saa za kufanya hayo? Kanisa lilimpa riziki ya uhakika, Cambridge ilishampa elimu. Waumini hawakuwa wengi.

Na hakuacha kitu bila kukijaribu. Alipima uzito wa alizeti ndani ya chungu, asubuhi na jioni, ajue imetoa jasho kiasi gani. Gilbert White wa Selborne, kasisi mwenzake, anasimulia kwamba Hales aliwashauri akina mama waweke kikombe cha chai kifudifudi ndani ya pai, ili sharubati isifurike ikichemka. Kwangu mimi, hicho kikombe kinamweleza kuliko medali aliyopewa.

Kisha akabuni mivukuto mikubwa ya kuingiza hewa safi magerezani na melini. Wafungwa wa Newgate, gereza la London, waliwekewa mtambo huo. Meli za watumwa nazo pia. Wasifu wake huyataja hayo kama huruma: watumwa wengi zaidi walifika wakiwa hai. Sawa, walifika. Lakini mwenye meli naye alihesabu, kwa sababu aliyekufa njiani hauziki. Hewa ileile ilimfaa mfungwa na ikamfaa mfanyabiashara, na sioni namna ya kumsifu Hales kwa la kwanza huku tukilificha la pili.

Karibuni maswali.