Jinsi ya Kupima Nguvu ya Uvutano Kwenye Kreta ya Kimondo: Ziwa Bosumtwi

Karibu, ndugu mtazamaji. Tuko Ghana, kwenye kreta ya Bosumtwi: upana kilomita 10.5, umri takriban miaka milioni 1.07, na ziwa ndani yake. Kimondo kilipogonga, mwamba ulipondeka ukajaa nyufa, ndiyo maana ni mwepesi kuliko mwamba wa pembeni. Gravimita, yaani chombo cha kupima nguvu ya uvutano, inautambua wepesi huo.

Anza na kituo cha msingi, juu ya mwamba mgumu nje ya kreta. Tazama kiputo hiki cha pima maji: kikitoka katikati, namba inashuka. Kisha simama tuli, maana hata hatua zako zinaitikisa springi iliyo ndani ya chombo. Kwenye tope weka kibao chini ya miguu ya chombo, la sivyo itazama wakati unasoma. Soma mara tatu na uandike saa. Kila baada ya saa mbili rudi kituoni upime tena. Springi hulegea, namba zikahama zenyewe.

Sasa pima kila mita 500 kwa mstari unaokatiza kreta. Anzia kilomita kadhaa nje ya ukingo, ama sivyo hutakuwa na cha kulinganisha.

Mwinuko ndio unaoharibu kazi za wengi. Ukipanda mita 1, uvutano hupungua miligali (kipimo kidogo cha uvutano) 0.3086; ukihesabu na mwamba ulioongezeka chini yako, wenye densiti ya gramu 2.67 kwa sentimita moja ya ujazo, inabaki 0.197. Kosa la mita 5 tayari ni karibu miligali 1, kwa hiyo GPS ya simu haifai. Tumia ya wapima ardhi.

Ukingoni sahihisha vilima na mabonde pia. Kilima cha ubavuni hukuvuta juu, bonde halina cha kukuvuta chini: vyote viwili hupunguza kipimo.

Ziwani, gravimita ya nchi kavu usiipandishe kwenye boti. Panahitajika ya majini, yenye jukwaa linalojisawazisha. Na usisahau maji yenyewe. Mita 75 za maji mahali pa mwamba hushusha namba kwa miligali 5 hivi, na upungufu wote wa kreta hii ni kama 18 tu!

Grafu ikibonyea katikati, usitangaze kimondo bado. Bonde lililojaa mashapo, yaani mchanga na tope lililotuama, hutoa umbo hilohilo. Beba nyundo na mifuko ya sampuli, ukatafute madini ya kwatzi yenye alama za mshtuko wa kimondo.