Mama aliniuliza kwa nini namlilia ndege wa kupigwa risasi

Hamjambo watu wangu, karibuni tena. Leo niko nyumbani Kayole, juu ya paa la ploti, na hizo kelele ni matatu, mnivumilie. Mnaviona vile vizimba vya mbao na waya nyuma yangu? Vilikuwa vya kware. Mnakumbuka 2013 jinsi kila mtu Nairobi alivyokimbilia kware, na 2014 yai likakosa mnunuzi? Mama alikuwemo. Sasa vizimba vinaanikiwa nguo.

Wengi mmeniuliza kazi yangu Uingereza ni gani. Ninalea ndege wa kuwindwa. Wanaitwa fezanti, ni jamii ya kuku, na dume lake lina kichwa cha kijani na mkia mrefu ajabu. Mayai hukaa kwenye mashine siku 24 hivi. Wakifika wiki sita au saba, tunawahamishia kwenye uzio msituni wazoee miti. Msimu wa kuwapiga ni Oktoba 1 hadi Februari 1. Jumapili na Krismasi hawaguswi, ndiyo sheria.

Lakini kazi yenyewe ni wiki ya kwanza. Kifaranga wa fezanti ni mdogo kuliko wa kuku, na anaweza kuzama kwenye chombo cha maji, kwa hiyo tunaweka kokoto ndani. Wakishtuka hukimbilia kona, wakapandana, wa chini wakakosa hewa. Ndiyo maana bruda, yaani sehemu ya joto ya kulelea vifaranga, tunaizungushia kadibodi, isiwe na kona hata moja. Joto ni nyuzi 35 hivi, halafu tunapunguza kila wiki. Kipimajoto kipo, ila mimi naamini vifaranga. Wakijikusanya chini ya taa ya joto na kulia, wana baridi. Wakiikimbia taa na kuhema, wanaungua. Wakitawanyika wakila, uko sawa.

Mwaka jana gesi ya taa za joto iliisha usiku kwenye banda moja. Niliingia zamu saa nane, nikafungua mlango, nikasikia kimya kibaya. Walikuwa rundo moja katikati. Niliwatoa mmoja mmoja, wa juu bado wakiwa na uvuguvugu, nikawatia ndani ya jaketi langu, kifuani. Walipona wachache. Waliokufa walijaza ndoo, na nililia.

Nilipomsimulia Mama juzi, akauliza, "Sasa unamlilia ndege ambaye Oktoba atapigwa risasi?" Hapa kwetu uwindaji wa wanyama wa porini ulipigwa marufuku 1977, naelewa anavyoshangaa. Nikamwambia, Mama, yule wa Oktoba amekula, amekua, ameruka, na nyama yake italiwa. Huyu wa kwenye ndoo nilimnyima hata joto.

Akanyamaza. Kisha akaniambia kware wake wa kwanza walikufa vivyo hivyo, stima ilipopotea usiku. Miaka yote hiyo hakuwahi kunieleza.

Kwa hiyo kesho tunavunja vizimba, mbao zitengeneze bruda. Anataka vifaranga 50 wa kienyeji. (Wanaotaka kware, kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kwanza, tafadhali.) Nimemwomba kabla hajanunua hata kifaranga mmoja tupate jiko la makaa la akiba, na tuache tundu la hewa juu. Amekubali, ila kadibodi anasema atakata mwenyewe.