Wiki Gani, Hii au Ijayo?

[Bodaboda zinapita nje. Kijiko kinazunguka kikombeni.]

WAFULA: Tumeanza?

AKINYI: Juma wa mitambo ameinua kidole. Tumeanza.

WAFULA: Haya, karibuni tena Kondele, hapa Kisumu. Kabla hamjauliza: ndiyo, chai ipo.

AKINYI: Na anayeimaliza ni yuleyule. Wafula, hebu waambie watu mbona umeingia humu na uso wa mtu aliyenyimwa nyama harusini.

WAFULA: Nimeaibishwa, nyar Seme. Jumatatu asubuhi bosi katuma ujumbe kwenye grupu la kazi: "Kuanzia leo taratibu zote za stoo tutaziweka kwenye wiki. Kila mtu aandike anachojua." Mimi niko ndani ya tuktuk, nimebanwa na mama mwenye kuku wawili, nasoma kwa jicho moja. Nikajibu, "Sawa bosi. Wiki gani, hii au ijayo?"

AKINYI: [anacheka] Mungu wangu.

WAFULA: Watu 34 kwenye grupu. Hakuna aliyeandika neno. Wakajaza tu zile sura za kulia kwa kicheko. Nafika langoni, askari ananisalimia, "Habari ya wiki ijayo?"

AKINYI: Lakini swali lilikuwa halali! Mswahili gani akisikia wiki asifikirie siku saba?

WAFULA: Asante sana.

AKINYI: Ila bado ulikosea.

WAFULA: Na Wikipedia pia, nikwambie ukweli, miaka yote nilidhani ni kitu kinachotoka kila wiki. Kama gazeti.

AKINYI: [anashindwa kuzungumza kwa kicheko] Omera! Neno lenyewe hata si la Kiingereza. Ni la Hawaii. Kuna Mmarekani, mtunzi wa programu, Ward Cunningham. Alifika uwanja wa ndege wa Honolulu akaelekezwa apande basi la Wiki Wiki, lile la kuzungusha abiria kati ya majengo. Wiki wiki kwao ni haraka haraka. Basi mwaka 1995 alipofungua tovuti ambayo msomaji yeyote angeweza kubadilisha ukurasa palepale, akaiita WikiWikiWeb. Tangu hapo tovuti za namna hiyo zinaitwa wiki.

WAFULA: Kwa hiyo nimeaibishwa na matatu ya uwanja wa ndege.

AKINYI: Ndiyo hivyo.

WAFULA: Na haraka haraka haina baraka. Yaani wiki wiki haina baraka. Waliotuzaa walishasema.

AKINYI: Sikiliza, tusije tukachanganya wasikilizaji. Huu hapa mkebe wa kakao. Leo kila atakayesema wiki akimaanisha siku saba, anatia shilingi 20. Siku saba ni juma.

JUMA: [kwa mbali] Naam?

WAFULA: Yeye ndiye atakayetumaliza. Na ile ya gazeti nilishasema kabla ya sheria.

AKINYI: Tia.

[Sarafu inalia mkebeni.]

WAFULA: Sawa. Sasa tulikuwa tumepanga leo tuwape watu mafunzo matatu. Akinyi ameyaandika kwenye karatasi ya manjano kabisa.

AKINYI: Tutayafikia. Kwanza hiyo stoo yenu. Bosi alitaka nini hasa?

WAFULA: Hapo ndipo sina ugomvi naye. Tulikuwa na mzee wa stoo, amestaafu Desemba. Huyo mzee alijua kila kitu. Kwamba mizani ya nyuma ikiloa inazidisha kilo mbili. Kwamba kuna msambazaji mmoja magunia yake yahesabiwe mara mbili. Kwamba ufunguo wa dirisha la tatu hauzunguki kulia. Hakuna mahali palipoandikwa. Alipoondoka tukawa tunampigia simu nyumbani Mumias mpaka akaizima.

AKINYI: Na faili hazikuwepo?

WAFULA: Zipo! Kuna "bei mpya", kuna "bei mpya mpya", kuna "bei mpya ya mwisho", na kuna "bei mpya ya mwisho tumia hii". Iliyo sahihi ni ya pili.

AKINYI: Hiyo ndiyo saiba yangu kila siku, pale ninapochapishia watu. Mteja anakuja na flashi ina barua sita za jina moja. Uzuri wa wiki ni kwamba ukurasa ni mmoja. Unabonyeza hariri, unaandika, unahifadhi. Wa zamani haupotei, uko kwenye historia ya ukurasa, na jina la aliyebadilisha, na saa. Mtu akiharibu, unaurudisha ulivyokuwa. Na kampuni si lazima inunue. Programu inayoendesha Wikipedia inaitwa MediaWiki, ni ya bure, unaiweka kwenye mashine yako. Wenye pesa wananunua za kulipia, kama Confluence ya wale Waaustralia.

WAFULA: Yetu sijui ni ipi. Nilichoona, tangu juma lianze—

JUMA: Naam?

WAFULA: Juma, si wewe, kaka! Tangu Jumatatu. Na Jumatatu je, nayo ina faini?

AKINYI: Jumatatu ni bure.

WAFULA: Kufikia Alhamisi, kati ya watu 34, walioandika ni watatu. Mimi, nimeandika namna ya kupokea lori la sukari. Mhasibu, kaandika kuhusu risiti. Na wa tatu kaweka orodha ya chakula cha mchana. Githeri, Jumatano.

AKINYI: Unajua huo ndio ugonjwa wenyewe? Watu wanadhani kazi ni kufunga programu. Kazi ni kumfanya mtu aliyezoea kubana maarifa yake ayatoe. Yule mzee wenu asingeandika hata angepewa wino wa dhahabu. Kujua peke yake ndiko kulikomlinda kazini.

WAFULA: Hapo umesema. Ngoja nitie chai.

AKINYI: Na si stoo za sukari tu. Majasusi wa Marekani walikuwa na shida hiyohiyo.

WAFULA: Majasusi wana mizani iliyoloa?

AKINYI: Walikuwa na ofisi 16, kila moja imekalia kipande chake. Baada ya mashambulizi ya 2001 wakaulizwa mbona hamkuambiana. Mwaka 2006 wakatangaza wiki yao, Intellipedia, kwa programu ileile ya Wikipedia. Ina ngazi tatu, kulingana na usiri. Mchambuzi wa ofisi hii anaona alichoandika mwenzake wa ofisi ile, anaongeza. Wizara yao ya mambo ya nje nayo ikafungua Diplopedia mwaka huohuo, kwa sababu mwanadiplomasia akishaijua nchi anahamishwa, anaondoka na kila kitu kichwani.

WAFULA: Kama mzee wa Mumias. Na humo ndani ya majasusi, unaweza kuandika bila jina?

AKINYI: Hapana. Kila neno lina mwenyewe.

WAFULA: Weka alama hapo. Nitarudi.

AKINYI: Sasa twende nyumbani. Wiki iliyopita mzee mmoja alikuja saiba—

WAFULA: MKEBE!

AKINYI: Ala!

[Sarafu.]

WAFULA: Tamu kama nini.

AKINYI: Juma lililopita—

JUMA: Naam?

AKINYI: Nyamaza wewe! Mzee alikuja kuchapisha mswada wa kaunti. Kurasa 61, shilingi 10 kila moja. Analipa 610 ili aende kikaoni akatoe maoni. Akaenda ukumbi wa wadi, akakaa saa tatu, akapewa dakika mbili na soda. Karani akaandika kitu kwenye daftari. Mzee anarudi ananiuliza, "Binti yangu, yale niliyosema yameingia wapi?" Ningemjibu nini? Katiba ya 2010, ibara ya 196, inasema bunge la kaunti lazima lifanye umma ushiriki. Haisemi soda.

WAFULA: Soda ya nini?

AKINYI: Wafula.

WAFULA: Nauliza tu.

AKINYI: Mimi nasema mswada uwekwe kwenye wiki. New Zealand walifanya. Sheria yao ya polisi ilikuwa ya 1958, wanataka kuiandika upya. Mwaka 2007 wakafungua wiki, mwananchi aingie, aandike anavyotaka sheria isomeke. Yakaja ya maana na ya mzaha. Sheria mpya ikapita 2008. Mzee wangu angeona sentensi yake iko pale. Na ikifutwa, anaona aliyeifuta.

WAFULA: Sasa narudi kwenye alama yangu. Majasusi, watu waliofunzwa, wana mishahara, hawaruhusu mtu asiye na jina. Wewe unataka mswada wa Kisumu ufunguliwe kwa kila mwenye simu?

AKINYI: Ndiyo.

WAFULA: Kuna gazeti la Marekani, Los Angeles Times. Juni 2005 waliweka tahariri yao kuhusu vita vya Iraki kwenye wiki, wasomaji waiboreshe. Hazikutimia siku tatu. Watu walijaza picha za aibu mpaka gazeti likafunga. Na hiyo ni tahariri tu. Weka mswada wenye ada za soko la Kibuye uone.

AKINYI: Gazeti lilifungua mlango bila bawabu. Wikipedia ina wasimamizi, kurasa zenye fujo zinafungwa kwa muda, na inaishi tangu 2001. Ya Kiswahili tangu 2003.

WAFULA: Wikipedia haikutozi ada! Ada ndiyo inaleta vita. Na mama wa omena pale ufukwe wa Dunga, mwenye kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, atahariri kwa kidole gani? Atakayeshinda ni kijana mwenye bando na muda. Baraza lina ubaya wake, lakini mtu anasimama, tunamwona, tunajua huyu ni mpwa wa nani na anatumwa na nani.

AKINYI: Na mwenye sauti nene ndiye anayesikika. Wanawake wanakaa nyuma. Wafula, mimi nimekaa nyuma! Mwaka 2024 vijana waliutafsiri Mswada wa Fedha kwa lugha za nyumbani, wakausambaza kwa simu. Mama mwenye kabambe alielezwa na binti yake. Nani aliwatuma?

WAFULA: Kuutafsiri si kuuandika.

AKINYI: Ni mwanzo wa kuuandika.

WAFULA: Na hao New Zealand, yale ya kwenye wiki yalikuwa sheria?

AKINYI: Yalikuwa maoni, ya kupelekwa kwa wabunge.

WAFULA: Basi ni sanduku la maoni lenye umeme.

AKINYI: Sanduku ambalo kila mtu anaona ndani!

WAFULA: Sikubali.

AKINYI: Mimi pia sikubali.

[Kimya. Mtu anakohoa.]

WAFULA: Ramani ndiyo ningekupa. Ile OpenStreetMap, ya kuhaririwa na watu. Vijana wa Kibera, kule Nairobi, mwaka 2009 walizunguka na vifaa vya GPS wakachora mtaa wao, maana kwenye ramani nyingi palikuwa kama msitu tu. Visima, shule, vyoo. Hapo nakubali mtu yeyote aandike. Choo hakina chama. Ukikosea mahali pa choo, watu watakurekebisha upesi sana.

AKINYI: Kwa hiyo wananchi wanaaminika kwa vyoo, lakini si kwa ada?

WAFULA: Ndiyo. Hasa hivyo.

AKINYI: Siamini nimekaa meza moja na mtu huyu miaka minne.

WAFULA: Na utarudi wiki ijayo.

AKINYI: Mkebe!

WAFULA: Aaah!

[Sarafu.]

JUMA: Kwaya wamefika. Wanalipia kuanzia saa kumi.

AKINYI: Na mafunzo? Bado hata moja! Haya, la kwanza: kabla hujafungua wiki kazini kwako, tafuta mtu mmoja ambaye—

[Mlango unafunguliwa. Sauti za watu wengi.]

WAFULA: Karibuni, karibuni, hapo kwenye waya, msijikwae.

AKINYI: —ambaye atakuwa mtunzaji wa kurasa, awe na—

WAFULA: Akinyi, wanaanza kupanga viti.

AKINYI: Basi karatasi nakunja. Hebu kwanza, fungua huo ukurasa wako wa lori. Nataka kuuona.

WAFULA: Huu hapa. "Namna ya kupokea lori la sukari." Nimeandika vizuri, soma.

AKINYI: "Lori hupokelewa kuanzia saa mbili kamili, Wafula akishamaliza chai."

WAFULA: Nini? Sikuandika hivyo!

AKINYI: Tazama historia. Jana, saa tisa alasiri. Ni askari wa langoni.

WAFULA: Rudisha! Rudisha ilivyokuwa!

AKINYI: Subiri, kuna aliyebadilisha baada yake. Mhasibu. Yeye kaandika "saa tatu".

WAFULA: Lete simu.

AKINYI: Juma, usizime, usizime—