"Inaisha saa ngapi?": filamu ya katuni na kalenda ya nyumba

Shikamooni wazee wangu mliofika, na nyinyi wadogo zangu wachoraji, habari za mchana. Nimeombwa nizungumze juu ya wakati wa kutoa filamu ya katuni ya familia, na juu ya nani hasa tunamtolea. Nitaanzia dirishani, pale tiketi zinapouzwa. Nilikaa dirisha hilo miezi mingi kabla sijashika kalamu ya kuchorea, na karibu kila ninachokiamini juu ya kazi hii nilikisikia pale.

Bibi mmoja alikuja Jumamosi na wajukuu watatu. Mkubwa, wa kiume, miaka kama kumi na mbili, amesimama mbali kidogo ili asionekane ameletwa kwenye katuni. Wa kati amebandika uso kwenye kioo anatazama bisi. Mdogo yuko mgongoni, amelala. Bibi akafungua pindo la khanga, akatoa noti zilizokunjwa, akaniuliza: "Mwanangu, inaisha saa ngapi?" Nikamjibu. Akageuka akamtazama mdogo: "Na huyu naye analipa?" Halafu, akiwa tayari ameanza kuhesabu, akauliza la tatu: "Wanaongea Kiswahili humo?"

Hakuuliza filamu inahusu nini, wala imechorwa na nani au imepata tuzo gani. Tangu siku ile nimesikia maswali yale yale matatu kwa akina mama, akina baba, dada wa kazi waliotumwa na watoto. Ndugu zangu, mtazamaji wa kwanza wa filamu ya watoto ni huyu mwenye nauli. Mtoto anaitaka filamu, lakini huyu ndiye anayeamua kama Jumamosi hii itakuwa ya sinema au ya kufua.

Tuchukue hilo swali la saa. Filamu ya dakika 100 ikianza saa kumi jioni, ukaweka matangazo na trela mbele yake, watu wanatoka kama saa kumi na mbili. Ukiwa ukumbi wa Mlimani City hapa Dar na unaishi mbali kule Mbagala, saa kumi na mbili una mtoto mmoja mkononi, mmoja mgongoni, na daladala lililojaa hadi mlangoni. Ukipanda bajaji, nauli inazidi tiketi. Kwa hiyo onyesho la saa kumi, ambalo mwenye ukumbi anaona ni la watoto kwa sababu bado kuna mwanga, kwa bibi yule ni la usiku. La kwake ni la saa tano asubuhi au saa nane mchana, na hapo bado umkumbuke mtoto anayekwenda madrasa Jumamosi asubuhi na yule anayekwenda kanisani Jumapili. Mimi ningeambiwa nichague onyesho moja tu kwa wiki, ningechukua Jumamosi saa nane mchana bila kufikiri mara mbili. Na ningemwomba mtengenezaji asizidishe dakika 90. The Lion King ya mwaka 1994 ina dakika 88, na sijawahi kusikia mtu akilalamika kwamba ni fupi.

Sasa kalenda. Filamu nyingi kubwa za katuni tunazozipata hapa zimepangiwa tarehe kwa kufuata nyumba za Marekani. Kule Alhamisi ya nne ya Novemba ni sikukuu ya Shukrani. Shule zinafungwa, ndugu wanakusanyika, na baada ya kula watu wanatafuta mahali pa kupeleka watoto. Frozen ilitoka tarehe 27 Novemba 2013, Moana tarehe 23 Novemba 2016, Encanto tarehe 24 Novemba 2021, Moana 2 tarehe 27 Novemba 2024. Zitazameni kwenye kalenda: zote ni Jumatano, siku moja kabla ya Shukrani. Filamu inapata siku tano za nyumba iliyojaa watu, na ikipendwa inabebwa na midomo ya watu hadi Krismasi. Ni hesabu nzuri sana, kwa nyumba ile.

Ichukue hesabu hiyo uilete Tandika. Mwisho wa Novemba mtoto wa Tandika yuko kwenye mitihani ya kumaliza mwaka. Kaka yake wa kidato cha nne yuko kwenye mtihani wa taifa, na nyumba nzima imepunguza sauti ya redio kwa ajili yake. Mvua za vuli zinanyesha, na bonde la Jangwani likifurika kila mtu anajua maana yake: barabara haipitiki. Mzazi ameshaanza kuipigia hesabu Januari: ada, sare, viatu, madaftari. Ukimwambia habari ya sinema wiki hiyo, atakusikia kama mtu anayemtafutia balaa.

Nayasema haya kwa sababu nimeyalipia. Miaka michache iliyopita mimi na wenzangu wanne tulimaliza filamu fupi ya dakika 26, habari za binti wa mvuvi na pweza anayemwibia nyavu. Tulikuwa tumeichora miaka miwili, kwenye chumba chenye feni moja. Mwenye ukumbi mmoja akatupa Jumamosi ya mwisho ya Novemba, akasema ndiyo wakati katuni zinapotoka duniani. Tukafurahi. Wakaja watu kumi na wanne, sita kati yao ndugu zetu. Nakumbuka mwenzetu aliyechora pweza, alikaa mstari wa nyuma akiwa ameshika trei ya sambusa alizopika mama yake kwa ajili ya wageni, na sambusa zikapoa.

Juni iliyofuata, shule zilipofungwa, tukaionyesha filamu ile ile kwenye ukumbi wa parokia, saa tatu asubuhi. Hatukubadilisha hata picha moja. Viti vikaisha, watoto wakakaa sakafuni, na mlangoni mama mmoja akaniambia: "Hawa wangu wamenichosha nyumbani wiki nzima, Mungu akubariki." Wiki nzima! Shule zilikuwa zimefungwa siku sita tu. Tangu hapo nimeshika kwamba wiki ya kwanza ya likizo mtoto anafurahia kulala, na wiki ya pili mama anatafuta mahali pa kumpeleka. Hapo ndipo uwe na bango mtaani.

Wenzetu wa Marekani wenyewe wanajua kwamba shule ndiyo inayofungua na kufunga ukumbi. The Lion King, hiyo hiyo iliyojaa maneno yetu, simba, rafiki, hakuna matata, ilitoka Juni 1994. Ilipofika Septemba, shule zimefunguliwa, wakaiondoa kwenye kumbi ingawa bado ilikuwa inapendwa, wakairudisha Novemba watoto walipokaribia sikukuu. Hebu fikirini ujasiri huo, kuondoa filamu inayoingiza pesa kwa sababu mtoto yuko darasani! Sisi filamu ya Novemba tunaiacha ife Novemba, wakati ingetosha kuishikilia au kuirudisha Desemba, shule zikifungwa na mjomba akiwa amekuja kutoka mkoani. Ila ukikawia sana, kijana wa kibanda cha muvi ameshaiingiza kwenye flashi za mtaa mzima kwa bei ya andazi.

Kuna mfano ninaoupenda kuliko yote. Coco, filamu ya studio ya katuni ya Marekani iitwayo Pixar, inazungumzia Siku ya Wafu ya Meksiko, tarehe 1 na 2 Novemba. Marekani waliitoa tarehe 22 Novemba 2017, kwa ajili ya Shukrani kama kawaida yao. Lakini Meksiko waliitoa tarehe 27 Oktoba, karibu mwezi mzima kabla, ili watu waione wakiwa wanapanga maua na picha za marehemu wao nyumbani. Ikavunja rekodi ya mapato ya kumbi za nchi ile. Na China, Ne Zha 2 ilitoka tarehe 29 Januari 2025, siku ya kwanza ya mwaka mpya wao, babu, mtoto na mjukuu wakiwa pamoja. Ikapita dola bilioni 2, filamu ya kwanza ya katuni duniani kufika hapo, na sehemu kubwa sana ya fedha hizo ilitoka China kwenyewe. Kila mmoja alitafuta siku ambayo nyumba yake imejaa.

Na yetu imejaa lini? Wazee waliokaa mbele hapa wanaweza kunisaidia. Mtaani wanasimulia jinsi kumbi kama Empire, Avalon na Odeon zilivyofurika Iddi, watoto na nguo mpya, pesa ya sikukuu imefumbatwa kiganjani inanuka jasho, wanakwenda kuona filamu ya Kihindi. Familia zenye gari zilikwenda Drive-In ya Msasani, pale palipojengwa baadaye ubalozi wa Marekani, wamebeba vyakula vyao na watoto wakilala kiti cha nyuma. Kwa hiyo sinema ya sikukuu si jambo la kigeni hapa Dar. Tulikuwa nayo, tukaiacha ikaponyoka.

Iddi, hata hivyo, inasogea nyuma kama siku 11 kila mwaka, na hili mchoraji lazima alishike kwa sababu filamu ndefu ya katuni inakula miaka. Iddi el-Haj ya 2024 na ya 2025 ziliangukia ndani ya likizo ya Juni, neema mbili kwa pamoja, nasi hatukuwa na filamu. Neema hiyo sasa inaondoka, inarudi kwenye siku za shule. Iddi el-Fitri nayo inarudi nyuma kuelekea Desemba, na kufikia mwaka 2033 itakuwa bega kwa bega na Krismasi: wanafunzi wako likizo, Waislamu na Wakristo wote wako kwenye sikukuu, jirani anampelekea jirani sahani ya pilau. Anayetaka filamu ndefu kwa siku hizo asione ni mbali. Aanze kutafuta hadithi yake.

Niingie swali la pili la bibi, "na huyu naye analipa?" Wengi wanalisikia kama swali la fedha. Mimi nalisikia kama swali la umri: humu ndani kuna cha huyu mdogo, au nanunua tiketi ya mtu atakayelia? Tukisema "filamu ya watoto" tunawachanganya wa miaka minne na wa miaka kumi na miwili, nao hawana wanachokubaliana ila bisi. Wenzetu wa Ubongo, watengenezaji wa vipindi vya katuni vya kufundishia watoto, hapahapa Dar es Salaam, waliligundua hili kwenye televisheni. Walianza na Ubongo Kids mwaka 2014 kwa watoto wa shule ya msingi, kisha wakatengeneza Akili and Me kwa wale ambao hawajaanza shule, na Akili mwenyewe ana miaka minne. Hawakujaribu kuwatia wote chungu kimoja.

Lakini sinema haina anasa hiyo, maana bibi anakuja na wote watatu. Kwa hiyo ndani ya filamu moja mdogo apate rangi, mwendo na mnyama anayeanguka, wa kati apate hadithi ya kuisimulia Jumatatu darasani, na yule mkubwa aliyesimama mbali apate kitu kimoja kinachomheshimu. Inside Out 2 ilitoka tarehe 14 Juni 2024 na msichana wa miaka 13 aliyeanza kubalehe. Ya kwanza ilitoka mwaka 2015, na msichana yule alikuwa na miaka 11. Walioiona wakiwa wadogo walikuwa wameshakuwa vijana, wakarudi kwa miguu yao wenyewe, na filamu ikapita dola bilioni 1.6. Hapa kwetu mvulana wa miaka kumi na mbili tumemwachia mpira na flashi, na nadhani ndiye tunayemkosea kuliko wote.

Msikate tamaa pia na wiki ya kwanza. Katuni ya Elemental ilipotoka Juni 2023 ilianza vibaya, Marekani haikufikisha dola milioni 30 siku tatu za kwanza, watu wakaitangazia kifo. Akina mama wakaambiana, wiki baada ya wiki, ikafika karibu dola milioni 500 duniani. Mwenye ukumbi anayeondoa katuni baada ya Jumapili moja hajawapa akina mama wa Kinondoni nafasi ya kukutana kwenye vikoba wakaambiana.

Swali la tatu ndilo linaloniuma. "Wanaongea Kiswahili humo?" Nilimjibu bibi hapana, Kiingereza. Akanyamaza kidogo, akalipa. Onyesho lilipoendelea niliingia kuwachungulia. Mkubwa alikuwa amehamia katikati ya bibi na mdogo wake, anawatafsiria kwa sauti ya chini, na watu wa mstari wa mbele walikuwa wamegeuza vichwa, si kwa kukasirika, bali wamsikie vizuri. Vibandaumiza, vile vibanda vya video vya mtaani, vililijua hili zamani, ndiyo maana watu kama Lufufu walipendwa kwa kutia Kiswahili juu ya filamu za watu. Mtoto wa miaka mitano hawezi kusoma maandishi ya chini ya picha hata yangeandikwa kwa lugha gani. Filamu isiyotiwa sauti ya Kiswahili imemwacha huyo nje ya mlango huku ikichukua pesa ya bibi yake.

Ile filamu ya pweza tunaikuza sasa iwe ndefu, dakika 80, na sauti zote ni za watu wa Kunduchi na Temeke. Mvulana mmoja wa miaka kumi na mbili anamsemea kaka wa yule binti. Onyesho la kwanza tumeliwekea Jumamosi ya pili ya likizo ya Juni, saa nane mchana, na kwenye bango, chini ya saa ya kuanza, tumeandika kwa herufi kubwa saa ya kumalizika. Tarehe yenyewe bado ni ya penseli. Tunasubiri wizara ya elimu itoe kalenda ya mihula.