Yesu Alisimama Njiani

Bwana Yesu asifiwe! Hiyo amina ni ya watu waliokunywa chai kweli? Haya.

Wanaonijua wameshakisia naelekea wapi: Marko 5. Ndiyo, tena. Nitaiacha siku tutakapoanza kuitenda.

Yairo ana haraka. Bintiye wa miaka 12 yu kufani, na mwenyewe si mtu mdogo, ni mkuu wa sinagogi. Yesu anaondoka naye, umati unasongana. Hapo mama mmoja aliyetokwa damu miaka 12, fedha zote zimeishia kwa waganga, anagusa vazi lake kwa nyuma. Anapona papo hapo. Sasa niambieni, si angeendelea na safari? Anasimama. Anauliza nani kamgusa, hadi wanafunzi wanamshangaa. Tena anamngoja mama aeleze yote. Yote! Nyie mnamjua mtu aliyeugua miaka 12 akianza kueleza. Na Yairo yuko pale pembeni, jasho linamtoka.

Mtasema, "Mwinjilisti, yule ni Yesu, hata mtoto akifa anamfufua. Sisi daladala haitungoji." Sawa. Ila kusimama tu nako kunataka muujiza?

Mwezi uliopita jirani yangu muuza vitumbua aliniita asubuhi, kijiti cha kugeuzia mkononi, macho mekundu. Nikadhani ni moshi. "Mwinjilisti, una dakika mbili?" Nikamjibu, "Mama, nawahi kikao, tutaongea." Nikanunua vitumbua vitatu, huyoo! Mnacheka? Ajenda ya kikao ilikuwa namna ya kuwafikia wenye shida mtaani. Tulikaa mpaka saa nane mchana. Tukaunda kamati ndogo. Jioni narudi, jiko limepoa; naambiwa kasafiri kwenda kwao. Mpaka leo sijui alitaka kuniambia nini.

Nilikuwa na mengine mawili: Yesu kuamka alfajiri kwenda kuomba peke yake, Marko 1:35, na kula kwake na watoza ushuru. Kula nao, jamani, si kuwapelekea vipeperushi. Katibu ananionyesha saa, mtasoma nyumbani.

Ila rudini kwa Yairo kidogo. Msichana amefufuka, anatembea, watu wamepigwa na bumbuazi. Yesu anaagiza apewe chakula. Baba yumo chumbani, mama yumo, mitume watatu wamo, na aliyekumbuka kwamba mtoto hajala ni yeye.